Fundi wa kalenda asiyetaka kumaliza kazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Kyebando. Walinzi wamejipanga mstari mmoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kila mmoja na simu mkononi. Mbele yao amesimama Afande Obita, sajini mstaafu wa polisi na mwenye kampuni hii ndogo ya ulinzi. Anasoma zamu kutoka kwenye simu yake. Anayetajwa anapiga mguu chini, anaitika "Ndiyo afande," kisha anabonyeza simu.

Pembeni, ameegemea mlango wa ofisi, yuko Akidi, fundi wa kompyuta mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Ndiye aliyeiwekea ofisi hii barua pepe na kalenda ya pamoja, kwa shilingi laki tatu na nusu. Leo hana cha kutengeneza. Amekuja tu.

"Mimi nimezaliwa kambini," anasema kwa sauti ya chini. "Baba alikuwa anasoma zamu hivi hivi. Sisi watoto tulijua nani yuko lindo gani kuliko tulivyojua hesabu."

Vile vibanda vya mabati vya mviringo vya kambi yao ya polisi vilibomolewa zamani. Baba amefariki. Hata Kiswahili walichozungumza kambini hakipati tena kirahisi, maana kila anakokwenda mjini anajibiwa kwa Kiluganda. Anakitamani, na hafichi.

Kabla Akidi hajaja, ofisi nzima ilitumia anwani moja ya barua pepe. Ujumbe ukiingia, kila mtu aliusoma na kila mtu akadhani mwenzake ameshajibu. Shule moja ya jirani, mteja wao mkubwa, ilichoka. Ilitaka ijibiwe kwa wakati na ione ratiba ya walinzi kwenye kalenda, la sivyo itafute kampuni nyingine. Bila shule ile, nusu ya mstari huu ingekuwa imekaa nyumbani.

Akidi akampa kila mtu anwani yake, akaweka na ya ofisi inayoonyesha nani amemjibu nani, na zamu zikaanza kutumwa kwa simu. Gwaride hili la asubuhi, alimwambia mzee Obita, halina kazi tena. Mzee akalifuta.

Jumatatu ya kwanza tu mambo yakaharibika. Kalenda humwuliza mtu kama atafika, naye abonyeze ndiyo au hapana. Hakuna mlinzi aliyebonyeza chochote. Babra, karani wa ofisi, kuona kimya kile akadhani wamegoma, akaita vibarua washike nafasi zao. Asubuhi hiyo lango la shule likawa na walinzi wanne badala ya wawili, wamekakamaa, na hakuna aliyekubali kuondoka kwa sababu hakuna aliyeamriwa kuondoka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alitoa wiki mbili za mwisho.

Sebit, mlinzi mkongwe kuliko wote, aliulizwa kwa nini hakubonyeza. Swali lenyewe lilimshangaza.

"Afande amekupanga, halafu wewe unamjibu ndiyo? Kwani ukijibu hapana itakuwa sawa? Askari hapana jibu namna hiyo. Askari naenda."

Akidi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikamwisha. Baba yake naye asingebonyeza. Akamrudia mzee, akamwomba gwaride lirudi: zamu isomwe kwa sauti, mtu aitike kwa mdomo kama alivyozoea, na kubonyeza kuwe sehemu ya kuitika. Anasema mzee alikubali kabla hata hajamaliza kueleza. Shule imebaki.

Sasa ofisi mbili za mtaa wa Kawempe zinamsubiri, na mwakani anataka kukodi chumba chake cha kazi huko. Kilichobaki ni kumkabidhi Babra mtambo. Babra ameshaijua kazi, na amemwambia hivyo wazi. Akidi ameahirisha mara mbili.

"Jana mzee ameniuliza kwenye kompyuta kumebaki kosa gani. Nikamwambia bado kidogo. Hakuna kosa," anasema, macho yake kwenye mstari. "Ijumaa nitakabidhi, kweli. Lakini nataka nimwombe aniweke kwenye kalenda yao, hata mara moja kwa mwezi. Lindo sitaki. Asome tu jina langu, niitike."