Vikate vya Boga vya Salumu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alifungua jiko lake la umeme asubuhi, na harufu ya boga na iliki ikanifuata mpaka chumbani. Nikatoka na kanga moja kuona kuna nini. "Bibi, onja vikate vyangu vya boga," akaniambia, kifua mbele. "Havina yai, havina maziwa, havina siagi. Siku hizi sili chochote cha mnyama." Nikacheka. Jamani, vijana! Kana kwamba kagundua yeye. Nikauma kimoja, kicheko kikaniishia mdomoni, nikarudi chumbani kukaa kitandani.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Iringa mjini, miaka ya hamsini. Mama alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa bara na ndoa, na baridi ya Iringa hakuizoea hata siku moja. Baba alikuwa amekwama Idodi na marobota yake ya kaniki, mvua imekata njia. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Salumu wa miaka minne, aliyekuwa anaumwa surua.

Ilikuwa siku ya tano hatii kitu kinywani. Hospitali walitupa dawa ya maji, na daktari akamwambia Mama bila kuzunguka kwamba mtoto huyu asipokula, tumempoteza. Uji aliutema. Wali aliugeuzia mgongo. Midomo imebabuka, macho hayafunguki, anahema kama aliyepanda mlima. Mama alimbembeleza huku analia, na mimi niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa, maana mama yangu hakuwa mtu wa kulia.

Alasiri ile Salumu akasema kwa sauti ndogo, "Nataka vikate vya boga."

Mama akaruka. "Utakula, baba? Nikupe asubuhi na chai?"

Akaitikia.

Sasa, kwa Mama, penye mgonjwa wa surua hapakaangwi kitu. Harufu ya mafuta, alisema, inarudisha vipele ndani, na vikirudi ndani vinaua. Yai marufuku, maziwa marufuku, samli usiitaje. Kwa hiyo alichemsha boga, akaliponda pamoja na unga wa ngano, sukari, iliki na chumvi kidogo, akatia hamira iliyobaki kabatini. Kumbe hamira ilishakufa. Tuliufunika unga kwa blanketi, tukauweka karibu na jiko, tukasubiri. Jua likaanza kushuka, unga umelala vilevile. Na madukani hamira hakuna, malori hayapiti kwa tope.

Mama akanipa kikombe cha bati. "Nenda kwa Mama Agnesta kaombe hamira. Usirudi mikono mitupu, mwanangu. Nakuomba." Mama yangu, kuniomba mimi!

Mama Agnesta alikuwa jirani yetu wa nyuma, Mhehe, Mkatoliki, mwenye mianzi yake uani. "Kamwene, mwana," akanisalimu kwa Kihehe. Nikaeleza shida yetu. "Hamira? Mimi natoa wapi? Sisi hapa tunatiaga ulanzi tu. Inaumua hiyo, mpaka utashangaa!" Akanimiminia nusu kikombe cha ile pombe ya mianzi, povu linachemka juu. "Peleka. Mtoto ale."

Nilisimama njiani na kile kikombe. Chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, nilishafundishwa: pombe ni haramu, hata tone. Baba akisikia je? Lakini Salumu asipokula je? Nikaingia kwa mlango wa uani. Mama alikuwa chumbani anamkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji. Nikaumwaga ulanzi wote kwenye unga, nikakanda upya, nikaosha kikombe mara tatu.

"Umepata?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Nimepata."

Hakuuliza zaidi.

Asubuhi unga ulikuwa umefurika bakuli. Mama akaugawa kwenye makopo ya maziwa aliyoyakata, akayapanga ndani ya sufuria yenye mchanga wa moto, akafunika kwa bati na kuweka makaa juu. Nyumba nzima ikanukia. Salumu alikula viwili na nusu. Akaomba chai. Akaniambia, "Dada, vitamu." Mama alicheka, akalia, akacheka tena, na nusu iliyobaki akaila yeye.

Salumu alifariki kesho yake, adhuhuri.

Sikumwambia mtu. Nilijua nilichofanya: nilimlisha mgonjwa haramu, Mungu akamchukua. Nikaolewa Mbeya, nikazaa, na kila mtoto wangu alipopata homa nilikiona kile kikombe cha bati. Boga halikupikwa jikoni kwangu.

Mama alipokuwa mzee nikimuuguza kwangu, siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, nalia kama mtoto. Akaniangalia kwa mshangao.

"Wewe! Mimi mtoto wa Pangani, nimekuzwa na vitumbua vilivyoumuliwa kwa tembo la mnazi, nisiijue harufu ile? Mama Agnesta alikuwa na hamira lini? Ndiyo maana nilikutuma wewe. Mimi sikuthubutu kuomba kwa mdomo wangu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nikajua Mungu ameniadhibu mimi."

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Miaka yote ile! Lakini mtoto wa miaka tisa angejuaje kwamba mtu mzima naye huogopa, mpaka akamtanguliza mwanawe mlangoni? Tulikuwa tumelia kilio kimoja, kila mtu kwa siri yake, na hakuna aliyemuua Salumu ila surua.

Mama akanishika mkono. "Alikula vingapi?" akauliza, naye anajua.

"Viwili na nusu, Mama."

"Viwili na nusu," akasema. "Na chai aliomba mwenyewe."