Bastola Iliyokataliwa na Wakusanyaji

Kila kitu kilianza na mkoba ulioharibika zipu. Miaka ile ya tisini nilikuwa nimepanga chumba cha mbele katika nyumba ya zamani huko Saint-Gilles, katika mji mkuu wa Wabelgiji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Gare du Midi. Humo nilikuwa na cherehani mbili, pasi, na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Juu, ghorofa ya tatu, niliishi na mume wangu. Yeye ni mtu wa Uvira, mimi wa Kigoma. Ziwa letu ni moja ila kila mmoja na ng'ambo yake. Yeye alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mimi nikishona.

Wateja wangu wengi walikuwa Wakongo na Wamoroko wa mtaani. Kwa hiyo nilishtuka kidogo asubuhi moja alipoingia mama wa Kibelgiji, wa miaka sabini hivi, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanamume, akanisalimia hivi:

"Jambo, mama. Banasema uko fundi muzuri."

Alikuwa amefundisha shule ya wasichana Bukavu kwa zaidi ya miaka ishirini, akarudi kwao mumewe alipougua. Sasa alikuwa mjane, akiishi peke yake upande wa Ixelles. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu kabisa, ila herufi ya r aliitolea kooni kama Mfaransa.

Aliweka mkoba juu ya meza. Ulikuwa wa turubai nene, ndani umewekwa sponji na kitambaa chekundu. Nilipoukagua nikaona kitambaa kina madoa ya mafuta, na sponji imebonyea umbo ambalo sikulielewa.

"Unabeba nini humu, Maman?" nikamuuliza.

"Bastola," akajibu, kama mtu anayesema mwavuli.

Akanieleza kwamba kila Jumamosi anakwenda klabu ya kulenga shabaha, huko Saint-Josse, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Alikuwa ameanza baada ya kumzika mumewe, kwa kuwa Jumamosi zilikuwa ndefu mno. Nilicheka kwa adabu, nikabadilisha zipu, na nilipokuwa nimeshaanza nikashona upya na kile kitambaa cha ndani, maana kilikuwa kimechanika pembeni. Alipokuja kuuchukua alipitisha vidole kwenye mshono wangu, polepole, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Muntu mwenye kushona hivi ana mukono yenye kutulia," akasema. "Kuja samedi. Utaona tu, hautalazimishwa."

Mume wangu alipoambiwa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Lakini Jumamosi ile alikuwa zamu, na mvua ilikuwa ikinyesha, na wateja hawakuja. Nikafunga mlango nikaenda.

Nilitarajia watu wa kutisha. Nikakuta wanaume kumi hivi wenye masweta ya kufumwa, wengi wastaafu, wanakunywa kahawa na kula keki ya tufaha aliyoileta mke wa mmoja wao. Hakuna aliyepiga kelele. Ukivuka mlango wa pili unakuta chumba kirefu chenye baridi, karatasi za shabaha mwishoni, na mzee msimamizi anayetoa amri kwa sauti ya kasisi. Mama wa Bukavu alinifunika masikio, akanisimamisha, akanipa bastola yake.

Risasi zangu tano za kwanza hazikugusa hata karatasi. Ya sita ilitoboa kona. Lakini jambo lililonikaa moyoni si lile tundu. Ni ile pumzi moja kabla, ukishalenga na kidole kimeanza kuvuta, ambapo hakuna kodi, hakuna barua kutoka nyumbani, hakuna gauni la harusi linalosubiri. Kichwa changu kilikuwa hakijanyamaza namna ile tangu nifike Ulaya.

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Ikafika miezi. Nilipiga kwa bastola ya mama yule, naye alingoja kwenye kiti hadi nimalize, na hilo likaanza kunitia haya. Isitoshe mpini wake ulikuwa wa mkono mkubwa kuliko wangu. Nikamwambia nataka ya kwangu, ila nimeuliza bei dukani nikaona nitashona mwaka mzima bila kula.

"Bon," akasema. "Ya mupya inaomba kibali na franka mingi. Tafuta ya askari wa zamani."

Akanifafanulia, tukiwa tumeketi na kahawa zetu. Kulikuwa na bastola za kijeshi za karne ya kumi na tisa, nyingi zimetengenezwa mjini Liège, zinazotumia baruti nyeusi. Sheria ya wakati ule ilizihesabu kama vitu vya historia, mtu aliweza kuzinunua bila usumbufu. Wanunuzi wake walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wakusanyaji, wanaoziweka kabatini nyuma ya kioo: hao wanataka rangi ya kiwandani, na namba zote zilizogongwa kwenye vipande vyake zifanane. Wa pili ni wanaotaka kupiga tu. Iliyoharibika machoni pa wale wa kwanza inashuka bei, hata kama mtutu wake ni mzima kabisa.

"Wewe tafuta yenye sura mubaya na roho muzuri," akasema.

Sasa ikabidi nimwambie mume wangu kwa kweli. Nilichagua jioni ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao, chakula akipendacho. Nilipomaliza kusema, aliacha kula. Hakukasirika.

"Kwetu," akasema hatimaye, "ukiona muntu na bunduki, unachukua batoto unakimbia. Hauulize kama iko ya zamani. Na wewe unataka kuileta hapa mu nyumba?"

Dada yake alikuwa amekimbia vita Uvira na watoto wanne, na sisi tulikuwa tumekaa wiki tatu hatujui wako wapi. Nilijua anaona nini akilini mwake. Nikamwambia sitanunua asipokubali, lakini kabla ya kuamua aje mara moja aone ninakokwenda.

Alikuja Jumamosi aliyokuwa na mapumziko. Alisimama nyuma kabisa, mgongo umegusa ukuta, mikono juu ya vile vifuniko vya masikio kana kwamba havitoshi. Aliona wazee wanavyofungua bastola na kuzilaza mezani zikiwa tupu kila msimamizi anapotoa amri. Aliniona mimi nikilenga. Kwenye tramu ya kurudi, kituo cha tatu, akanigeukia.

"Donc ni muchezo ya kunyamaza," akasema.

"Ndiyo."

"Haitalala kwangu."

"Klabu wana makabati ya chuma. Italala huko."

"Bon. Kama italala kule, nunua."

Tulikubaliana hivyo, na bastola ile haijawahi kuvuka kizingiti chetu hata siku moja.

Maonyesho ya silaha za kale yalikuwa Jumapili moja ya baridi kali, kwenye ukumbi pembeni mwa jiji. Tulikwenda mimi na mama wa Bukavu, yeye na kofia ya sufu, mimi na hela zangu kwenye kibahasha ndani ya blauzi. Meza zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kijani, na juu yake panga, alama za vyeo vya jeshi, helmeti, bastola. Wakusanyaji walipita wameinama, kila mmoja na kilensi chake machoni, wakisoma namba ndogo kama wanasoma Biblia.

Kwenye meza ya kwanza muuzaji kijana alinionyesha moja inayong'aa kama sufuria mpya. Nikaomba ruhusa ya kuijaribu ikiwa tupu. Hapa niseme jambo moja la ufundi. Kwenye cherehani, sindano inaposhuka, ndoano ya chini lazima ifike kuchukua uzi wakati uleule. Ikichelewa unywele mmoja tu, mshono unaruka. Bastola za namna ile zina silinda yenye matundu sita ya risasi, nayo inazunguka kila unapovuta nyundo ya nyuma. Tundu lazima lifike sawasawa na mtutu na kukaza pale nyundo inapokaa, si kabla wala baada. Nikavuta nyundo polepole, nikasikiliza. Nyundo ilikaa, na silinda ilikuwa bado haijafika.

"Iko namna gani?" mama akaninong'oneza.

"Inachelewa," nikasema. "Nzuri ya kuangalia, lakini inachelewa."

Tukashukuru, tukaendelea. Tulizunguka saa mbili. Nyingine zilikuwa nzima ila bei yake haikunihusu. Nyingine mtutu ulikuwa umeliwa na kutu ndani mpaka ukiangalia mwangani unaona kama koo la mgonjwa.

Niliikuta mezani kwa bwana mmoja mnene mwenye skafu, kwenye kreti ya mikanda na mifuko ya ngozi. Kabla yangu mkusanyaji mmoja aliiokota, akaisoma namba kwa kilensi chake, akaguna, akairudisha kama mtu anayerudisha samaki aliyevunda. Nikaichukua. Ilikuwa ya rangi ya kijivu na kahawia, weusi wa kiwandani umekwisha wote. Upande mmoja wa mpini ulikuwa wa mti wake wa asili, upande wa pili mtu alikuwa amechonga wa mti mwingine, mwekundu zaidi, na hakuwa seremala. Namba za vipande vyake hazikufanana.

Lakini ilikaa mkononi mwangu kama mkasi wangu wa kukatia. Nikaiangalia mwangani: mifereji ya ndani ya mtutu ilikuwa mikali na safi. Nikavuta nyundo polepole. Silinda ikafika na kukaza kwa sauti moja tu. Nikarudia kwa matundu yote sita, na kila mara sauti ilikuwa ileile moja. Nikatazama upande wa mama. Alikuwa ameangalia juu, anajifanya anavutiwa na taa za ukumbi, ili yule bwana asituone tukifurahi.

"Ni ya mume wako?" bwana akaniuliza kwa Kifaransa.

"Hapana. Ni yangu. Ya kupiga."

Akaniangalia upya. Akasema anataka franka elfu saba, kisha mwenyewe akaanza kuitetea kwa haya, kwamba mpini ni mbaya anajua, na namba anajua. Nikamwambia elfu tano. Tukaishia elfu tano na mia tano, na yeye akaongeza kijiti cha kusafishia mtutu, akisema walau kimoja kati ya vitu hivi viwili kimekamilika. Jioni ileile tuliipeleka klabuni, msimamizi akaifungua, akakagua kila kipande, akaifungia kabatini.

Siku ya kuipiga mara ya kwanza, chumba kilijaa moshi mweupe mpaka wazee wakakohoa na kucheka. Baruti nyeusi haipasuki kama ile ya kisasa. Inasukuma, na sauti yake ni nzito, ya tumboni. Risasi zangu zote sita zilikwenda chini kushoto, zimekusanyika mahali pamoja. Mmoja wa wazee akataka kuchukua tupa apunguze kile kilengeo cha mbele. Mama akamzuia.

"Acha kwanza ajuane nayo," akasema.

Nikajuana nayo. Nilijifunza kulenga juu kidogo, kulia kidogo. Parafujo ya mpini ilikuwa inalegea, nikatafuta kwenye kopo langu la vipuri nikapata ya mguu wa cherehani iliyokufa, ikaingia bila ubishi. Mkusanyaji angelia angeiona. Ule upande mbaya wa mpini niliusugua kwa msasa Jumamosi mbili mfululizo na kuupaka mafuta, ukawa laini, ingawa rangi yake haikufanana kamwe na mwenzake. Kila baada ya kupiga niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, kama sufuria, kwa sababu masizi ya baruti ile yanaleta kutu usipoyaondoa siku hiyohiyo. Nilikuwa naipenda kazi hiyo karibu sawa na kupiga kwenyewe.

Majira ya kuchipua klabu ilifanya mashindano madogo ya silaha za kale. Tulikuwa tisa, mwanamke ni mimi peke yangu, kwa sababu macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka na alikuwa amekubali kuwa mhesabu wa alama. Mume wangu alikuja bila kuombwa, na bakuli la maandazi limefunikwa taulo. Safari hii hakusimama ukutani. Aliketi kwenye benchi na wazee, akiwaambia yeye hajawahi kushika bastola na hatashika, lakini mke wake ni fundi. Nikawa wa tatu. Zawadi ya wa tatu ilikuwa chupa ya bia nyeusi, nami sinywi, ikaenda kwa msimamizi.

Tulipotoka, mama alitupeleka Ixelles kwenye mkahawa wa Wakongo. Tuliagiza samaki wa kuchoma, ndizi na pilipili. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka baruti ingawa niliinawa mara mbili. Samaki alipofika, wao wawili wakaanza kubishana ni wapi kuna samaki wadogo, hao tunaowaita dagaa kwetu, watamu zaidi, Uvira au Bukavu.

"Ile sambaza yenu ilitoka kwetu," mume wangu akasema. "Balibeba mu ndoo, bakatia mu ziwa yenu ya Kivu. Muulize muntu yeyote."

"Najua ilitoka kwenu," mama akajibu, akimnyooshea uma. "Mais ilinona kwetu."

Mume wangu akaniangalia mimi, mtu wa Kigoma, nimsaidie. Mdomo wangu ulikuwa umejaa ndizi. Nikawaacha waendelee, nikavuta sahani ya samaki upande wangu.