Presha ya Bibi na Ukili Wake

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huko Bungu. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa milala unaoshonwa kuwa mkeka. Vidole vilikwenda mbio, macho yako dirishani.

"Shikamoo, bibi. Si nilikwambia upumzike?" akasema nesi, binti wa bara.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwani nafanya nini?"

"Unafanya kazi."

"Kazi nimeiacha shambani. Hapa napumzika."

Nesi hakukubali. Bibi akamkabidhi ukili aushike, usije ukafumuka, akapimwa. Presha iko juu.

"Tulia kidogo, nitapima tena. Isiposhuka nakuandikia vidonge."

Tukasubiri. Nesi, kwa kuwa ukili alikuwa nao mkononi, akajaribu kusuka.

Alipopima tena, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Akatabasamu, akamrudishia bibi ukili wake.

Bibi akautazama. Akaugeuza upande wa pili, akautazama tena. Kisha akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Hebu pima sasa."

Wanasema kazi za mikono hutuliza moyo. Nadhani wanamaanisha mikono yako mwenyewe.