Chetezo Mlangoni mwa Kiwanda

Nilimzuia mama yangu mzazi mlangoni mwa kiwanda, mbele ya shehe, tajiri na nusu ya watu wa Kibiti, chetezo kikifuka ubani mkononi mwake. Watu wa rika langu hawajasahau. Unakwenda zako dukani kununua sukari, mtu anakutazama, anakuuliza, "Hivi si wewe uliyerudisha ubani?" Naitikia kuwa ndimi, nachukua sukari yangu, naondoka. Zamani nilikuwa nasimama kueleza. Siku hizi sina pumzi hiyo.

Kiwanda kilikuwa cha kupasua mbao. Magogo ya mninga na mkongo yalikuja kwa malori kutoka pande za Nyamwage, yakapasuliwa, yakakaushwa. Nyuma kulikuwa na karakana ya milango na madawati, na humo mashine ya msasa ililia kutwa nzima. Mimi nilikuwa msimamizi wa usalama. Ukilisikia jina la cheo unaweza kudhani nilikaa ofisini chini ya feni. Kazi yangu ilikuwa vumbi. Niliamka nalo, nikala nalo, nikalala nalo masikioni.

Enzi za shirika la umma vumbi lilikuwa na watu wake. Zamu ikiisha wanaume walipanda ngazi kufuta makenchi ya paa, kisha kina mama wakafagia sakafu. Juu kwanza, chini baadaye, wala hukumsikia mtu akibisha. Feni kubwa ilivuta unga wa msasa na kuutupa nje kwa bomba. Sigara ilikuwa marufuku, na jiko la chai lilikaa nje ya uzio. Tulinung'unika kama wafanyakazi wote, lakini tulifanya.

Kisha zikaja siku za ruksa, biashara zikaachiwa huru. Mitumba ikajaa sokoni, maduka yakaota kandokando ya barabara, na kiwanda kikauzwa. Mnunuzi alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mpole wa maneno, na sisi tukamwita tajiri kama ilivyo desturi. Watu wakapunguzwa, wa mwanzo wakiwa wafagiaji. Nilipokwenda kulalamika alinikaribisha kiti, akaniambia kwa upole wake, "Mzee, ufagio haupasui mbao." Mkanda wa feni ulipokatika alisema ameuagiza. Kila nilipouliza, ulikuwa umeagizwa. Mkaguzi wa viwanda alipita, akatazama makenchi, akatikisa kichwa, akaagiza pasafishwe, akapanda gari lake. Tulibaki mimi na mwanamke mmoja wa makamo aliyenusurika kupunguzwa, tunapokezana ngazi. Tukisafisha upande huu, upande wa pili umekwishajaa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakaa kibarazani na viatu miguuni, sina hata nguvu ya kuvivua.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyeliogopa vumbi lile. Ningewezaje kuwalaumu? Kibiti nzima ilikuwa ikilipikia. Unachukua debe, unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda mpaka yawe magumu, unachomoa chupa, unawasha kwa chini. Maharage yanaiva, maji ya kuoga yanapata moto, na debe bado linafuka taratibu bila haraka yoyote. Mama yangu alikuwa na jiko hilo, na maranda nilimletea mimi mwenyewe kwa magunia. Kila nilipomwambia kwamba unga wa msasa ukiwa hewani na ukakuta moto unalipuka, alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Unga huu huu unaochelewa kunichemshia chai? Ati ulipuke!"

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Shirika liliwahi kunipeleka kozi Dar, na mwalimu alipuliza kijiko cha unga mkavu juu ya mshumaa. Chumba kizima tulirudi nyuma na viti vyetu. Alitueleza kwamba ukishindiliwa hauna hewa, unaungua pole pole, lakini ukitawanyika kila chembe ina hewa yake. Mlipuko wa kwanza huwa mdogo, akasema, ila unatikisa paa, na vumbi lililolala kwenye makenchi linashuka lote kwa pamoja. Huo wa pili ndio unaoua. Tangu siku hiyo sijaingia jengo lolote bila kutazama juu.

Mashine zikaanza kuharibika moja baada ya nyingine, maana zilikuwa zimechakaa na vipuri havinunuliwi. Wazee wakamwambia tajiri kwamba kiwanda kimefunguliwa kavukavu, bila dua. Akakubali mara moja. Dua ilikuwa rahisi kuliko mkanda wa feni. Akaahidi ng'ombe na mchele, na shehe akapanga siku. Ubani, kama kawaida, ukawekwa mikononi mwa mama. Alikuwa mzaliwa wa Mtunda, na tangu aolewe Kibiti hapakuwa na hitima, harusi wala nyumba mpya iliyofukizwa na mtu mwingine. Ilikuwa heshima yake, na baada ya baba kufariki nadhani ndiyo heshima pekee aliyojiona amebakiwa nayo.

Nilimwendea tajiri mapema. Nikamwomba dua isomwe ndani wakitaka, lakini makaa ya chetezo yabaki uani. Akaniambia nisijali, atazungumza na wazee. Hakuzungumza na mtu. Na asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu kulikuwa na oda ya madawati, msasa uliendeshwa mpaka wageni wanakaribia kufika. Nilipoingia karakana miale ya jua ilikuwa imekatiza kutoka madirishani, na ndani ya miale hiyo unga ulikuwa unaelea mzito, hautaki kutua.

Nilipogeuka, msafara ulikuwa umefika. Shehe mbele, mama nyuma yake, kina mama wengine wakimfuata. Mama amejifunga kanga mpya. Makaa yalikuwa mekundu hasa, kila akipiga hatua yanarusha cheche.

Nikasimama katikati ya mlango, nikanyoosha mkono.

"Mama, hapo hapo. Moto usiingie."

Alidhani namtania. Akatabasamu, akataka kupita ubavuni. Nikahamia ubavuni.

"Nipishe, mwanangu. Watu wanangoja."

"Shehe aingie, mama. Chetezo kibaki nje."

"Ubani wa dua ubaki nje? Dua ya wapi hiyo?"

Shehe alijaribu kusema kwamba dua inaswihi hata bila ubani, Mungu ambariki, lakini minong'ono ilikwishaanza. Nikamtazama tajiri anisaidie. Alikuwa ameinamia viatu vyake. Mama akanitazama mimi, muda mrefu, kisha akatazama mkono wangu uliomzuia.

"Mie sikukuzaa uje unizuie mlangoni kama mwizi," alisema. Hakupandisha sauti.

Akakiweka chetezo chini mchangani, polepole kisimwage makaa, akageuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Pilau ikaliwa bila yeye.

Aliyelelewa kwetu anajua maana ya radhi ya mama. Bila hiyo unaweza kusali, ukafunga, ukatoa sadaka, na bado moyoni unajihisi huna mahali pa kukanyaga. Mama hakunilaani. Ingekuwa afadhali, ningepiga magoti nikaomba msamaha. Alinijibu salamu, akanipakulia chakula, akanyamaza. Maranda yangu hakuyataka tena. Alimtuma jirani akamwokotee kiwandani, ili asichome kilichotoka mkononi mwangu. Jambo baya zaidi ni kwamba nisingeweza kumwambia nimekosa, kwa sababu sikukosa. Ningerudishwa mlangoni pale ningemzuia tena. Nilikuwa natamani kusamehewa kwa jambo nisilolijutia, na hilo linachosha kuliko kufagia makenchi.

Siku moja nikapita kwake kutoka kazini nikamkuta amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, na joto lile. Nikamsogelea. Nyusi zake zote mbili hazikuwepo, na shavu moja lilikuwa limebabuka. Nyuma yake ukuta wa jikoni ulikuwa na doa jeusi linalopanda mpaka kwenye makuti. Kando ya jiko lilikuwepo gunia tupu. Nikalishika, nikausugua unga uliobaki kwa vidole: laini kama poda. Jirani hakuokota maranda. Alikuwa amezoa unga wa msasa, na mama akalikung'uta gunia jiko likiwa linawaka.

"Mama, nyusi zimekwenda wapi?"

"Nimenyoa."

"Na ukuta?"

"Ukuta wangu unakuhusu nini?"

Nikamwambia twende Mchukwi hospitali wakamtazame lile shavu. Akasema ameshapaka asali. Nikakaa kidogo, nikaondoka. Njiani nilikuwa na hofu ya kilichomkosa, na pia furaha fulani niliyoionea haya.

Alhamisi iliyofuata nilifika kwake magharibi ikikaribia, saa ambayo siku zote hufukiza nyumba kwa ajili ya kuipokea Ijumaa. Nilikuwa mweupe wa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Alikuwa ukumbini na chetezo mkononi. Aliponiona nanyanyua mguu kuingia, akasimama katikati ya mlango, akanyoosha mkono.

"Hapo hapo," alisema. "Kakung'ute nguo kwanza."

Nikaenda uani. Nikavua shati nikalikung'uta, nikalikung'uta tena, na machozi yalinitoka, ingawa ningeulizwa ningesema ni vumbi. Niliporudi akanipitishia ubani kwapani na kifuani, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni. Mambo ya nyusi na mlango wa kiwanda hatukuyazungumza siku hiyo wala siku nyingine.

Kiwanda hakikuungua. Tajiri alichoka na vipuri, akauza mashine moja moja, akarudi Dar, na watu wakasema ni kwa sababu ubani ulirudishwa. Ningewaambia nini? Paa lile lingekuwa limeanguka ningekuwa na cha kuonyesha. Mimi nilichonacho ni jengo tupu lililosimama, lenye popo, na watu waliozeeka wakiwa wazima.

Nikageukia kilimo. Nilikuwa nikitoka shamba naoga hukohuko mtoni, nafika kwa mama msafi, nguo zimefuliwa, hata chembe ya unga sina. Alhamisi ananikuta mlangoni, macho yamekwisha kufifia, chetezo kinafuka.

"Kakung'ute kwanza."

Naenda uani, navua shati, nalikung'uta.