Jicho Halina Shemeji

Shemeji yangu ni fundi cherehani wa hoteli, na katika miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hajawahi kumharakisha mtu wala kuharakishwa. Hoteli ina vyumba mia moja na kumi na viwili. Kila chumba kina mapazia mawili, foronya nne na mashuka ambayo wageni huyavuta kana kwamba wametumwa, na chochote kinachochanika hushushwa kwa ngazi za nyuma hadi chumba chake, jirani na chumba cha kufulia. Humo ana meza, cherehani, kabati la vitambaa, na kiti alichokikalia mpaka kikashika umbo lake. Dirisha halimo. Lilikuwamo zamani, wakajenga ukuta mbele yake.

Mimi ni msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli hiyo hiyo, na mke wake ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo nina haki ya kumtania, na ninaitumia. Mtu huyu hatikisiki. Akishona kwa mkono, na kazi yake nyingi ni ya mkono, vinavyosogea ni vidole vitatu tu. Mabega yametulia, kichwa kimeinama, hata pumzi unaweza kudhani ameiahirisha. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha alikaa sebuleni saa mbili nzima bila kubadilisha mguu, mpaka baba akamwuliza mama kwa kunong'ona kama mgeni yu mzima. Wakamkubali kwa sababu hakuna aliyepata kosa la kumshika nalo.

Mambo yalianza meneja mpya alipoiona bili ya umeme. Ni mama mpole, hapandishi sauti, na nimejifunza kuwaogopa watu wa namna hiyo. Akaunda kamati ya kubana matumizi ya umeme, akaniweka ndani. Tulianza na kadi: mgeni anaingia chumbani, anachomeka kadi yake ukutani, taa zinawaka, akitoka nayo, kila kitu kinazimika. Haikupita wiki, wageni wakagundua kwamba ukuta haujui kusoma. Nilikuta zimechomekwa kadi za kliniki, kadi za maktaba, na katika chumba namba 207 kipande cha boksi la dawa ya meno kilichokatwa kwa ustadi, huku kiyoyozi kikipuliza kitanda kitupu tangu asubuhi. Tukaweka na vijikaratasi bafuni, kwamba taulo lililotundikwa halitafuliwa. Wageni wakatundika hata yale waliyofutia viatu.

Kisha likaja jicho. Lina jina lake rasmi, refu, hatukulishika. Ni kidude cheupe kama kifuniko cha chupa. Kikiona mtu anasogea kinawasha taa, kisipoona kitu kwa dakika tano kinazima, na muda wote kinapeleka taarifa kwenye kompyuta: mtu yupo, mtu hayupo. Meneja akaniomba niorodheshe vyumba vya wafanyakazi ambavyo taa zake huwaka kutwa. Nikaandika stoo ya sabuni, vyoo, chumba cha kubadilishia nguo. Nikaandika na chumba cha kushonea, maana taa zake mbili ndefu zilikuwa haziguswi tangu asubuhi hadi jioni. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Huko kwa shemeji jicho lilifungwa juu ya mlango, likitazama ndani. Siku ya kwanza aliingia, taa zikawaka, akakaa, akachukua pazia zito akaanza kukunja pindo. Baada ya dakika tano taa zikazima. Akainua mkono, zikawaka. Akashusha mkono akashona, zikazima. Nilipita nikamkuta kanyoosha mkono juu, nikamwuliza kama anaomba ruhusa ya kwenda nje. Alitabasamu tu. Baadaye alitundika kitambaa chembamba mbele ya feni ili kipepee kwa niaba yake, lakini feni nayo ilikuwa imeunganishwa na jicho, ikazima pamoja na taa. Akiwa kwenye cherehani jicho lilimwona, kwa sababu ya miguu na kile kitambaa kinachosukumwa. Kwenye vifungo, kulabu za mapazia na pindo, yaani kwenye kazi inayomjazia siku, kwa upande wa jicho hapakuwa na mtu.

Mwezi wa pili wa jicho sikumwona tena akiinua mkono. Nikipita na toroli langu chumba kilikuwa giza, mwanga wa korido ukiishia kizingitini. Nilikuwa nasimama hapo hapo, chini ya jicho, mahali ambapo halioni.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

Ndivyo watu wanavyosalimiana kila siku, upo, nipo, na hakuna anayefikiria maana yake. Nikajiambia anapumzisha macho kidogo, taa atawasha nikishapita. Mapazia yalikuwa yanapanda ghorofani kwa wakati, mishono imenyooka, na mimi nilikuwa na vyumba mia moja na kumi na viwili kichwani.

Kila mwezi kamati ilibandika ubaoni orodha ya vyumba vya wafanyakazi vilivyookoa umeme. Chumba cha kushonea kilikuwa cha kwanza miezi mitatu mfululizo. Nilipongezwa mbele ya watu, nikapewa fulana ya kijani, nikaivaa kwenda nayo kwa dada ili aione.

Kwa dada, kamati ni yeye. Sufuria haikai jikoni bila kifuniko. Pasi huwashwa mara moja kwa wiki, nguo za wote zikipangwa mstari, na aliyesahau shati lake atavaa mikunjo. Ukifungua friji ukasimama, atakuambia friji si televisheni, fikiria kwanza unachotaka ndipo ufungue. Aliitazama fulana yangu, akasema rangi imenikubali. Kisha akaniuliza kama kazi imezidi hotelini, maana mume wake siku hizi anatunga uzi kwenye sindano huku ametazama ukuta, na wakati wa chakula anafikicha macho sana. Nikamwambia ni umri. Ni mimi niliyesema hivyo, na fulana nilikuwa nimeivaa.

Mwezi wa sita wa jicho kamati iliitwa kusomewa taarifa. Alikuja mtu wa mtambo wa jicho, bwana anayeisalimu kompyuta yake ya mkononi kabla ya watu. Akasoma: chumba cha kushonea kinatumika dakika arobaini kwa siku. Meneja akasema chumba kinachotumika dakika arobaini ni stoo inayosubiri kuitwa stoo. Yatawekwa magodoro ya ziada, kushona kutapelekwa kwa mafundi wa nje, na fundi aliyepo atashukuriwa kwa utumishi wake. Najua ofisi ile inavyoshukuru watu. Mtu wa miaka hamsini na sita akishashukuriwa, ni nani atampa cherehani nyingine? Nikanyanyua mkono, nikasema fundi yupo mle ndani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kila siku, namkuta mwenyewe.

Meneja alinitazama kwa upole ule ule.

"Dada, huyo ni shemeji yako," alisema. "Jicho halina shemeji."

Mkono sikuushusha. Alichonipa ni kwamba Alhamisi atakwenda kukiona chumba kabla ya kutia sahihi.

Nilishuka moja kwa moja. Nikasimama kizingitini nikamweleza yote gizani, upesi upesi, kama mtu anayetoa bandeji. Nikasikia tu uzi ukipita kwenye kitambaa. Nikamwuliza kwa ukali, maana nikiogopa huwa mkali, kwa nini miezi yote hii anashona gizani na hajamwambia mtu.

"Nilidhani ndilo agizo," alisema. "Hoteli inabana umeme. Nikaona hili ndilo fungu langu."

Niliona aibu mpaka nikakosa la kumtania. Nikaondoka na toroli langu, nikasahau hata kulipakia taulo.

Dada alipoambiwa hakulia. Alikwenda jikoni akaleta saa ya kengele, akaitega kila baada ya dakika nne, akamfundisha mume wake sebuleni namna ya kuinuka, kupunga mikono yote miwili na kukaa. Walifanya mazoezi mpaka chakula kikapoa. Jumatatu na Jumanne shemeji alipunga. Kompyuta ikamwona kutwa, na mtu wa mtambo akanipigia simu kunijulisha kwamba chumba kimeamka. Kufikia Jumanne jioni fundi wetu alikuwa amemaliza foronya moja, amejichoma kidole gumba mara tatu, na ameshona kifungo cha koti la bawabu kwa upande wa ndani. Mapazia tisa ya ghorofa ya tatu yalikuwa yanamsubiri mezani.

Jumatano asubuhi nilimkuta ameitia ile saa kwenye droo. Ilikuwa inalia humo humo.

"Shemeji, siwezi kushona na kuonekana kwa wakati mmoja," aliniambia. "Kesho kutwa vyumba vya ghorofa ya tatu vina wageni."

Nikamsihi. Nikamwambia wageni watalala hata bila mapazia, yeye apunge siku mbili tu zilizobaki, dada yangu atakula nini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha taa zikazima, na akaendelea kushona.

Alhamisi tulishuka watatu: meneja mbele, mtu wa mtambo, na mimi nyuma. Njia nzima niliomba tumkute amenyoosha hata kidole. Mlango ulikuwa wazi, ndani giza tupu. Mtu wa mtambo akageuza kompyuta yake ili meneja asome.

"Hayupo," alisema. "Tangu saa mbili na dakika saba."

Meneja alisimama kizingitini. Sijui nini kilimpata. Nadhani ni malezi tu. Aligonga kwenye ubao wa mlango.

"Hodi."

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka gizani. "Nipo. Naomba msiingie kwanza, taa ikiwaka ghafla naona vibaya. Nimebakiza mishono mitatu."

Basi tukasubiri. Sijawahi kumwona mama yule akimsubiri mtu. Tukausikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa kizito, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, halafu ukakatwa kwa meno. Meneja akaingia. Taa zikawaka. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, kiganja kimefunika macho, pazia la tisa magotini, na mengine manane yamekunjwa mezani, kona juu ya kona.

"Sasa yupo," alisema mtu wa mtambo, akitazama kompyuta. "Sasa inaonyesha yupo."

Meneja alichukua pazia, akaligeuza, akafuata pindo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na lilikuwa pindo refu. Akauliza mapazia mangapi yameshonwa hivi. Shemeji alifikiri sana, maana hapendi kusema asichokijua, akajibu kwamba hakuyahesabu, ila yote ya tangu jicho lilipofungwa. Meneja akauliza ni nani aliyependekeza lifungwe humu. Nikasema ni mimi. Katika kamati ile ndilo jibu pekee nililolitoa bila kuulizwa mara mbili.

Hakutia sahihi. Jicho lilitolewa Ijumaa, pakafungwa swichi ya kawaida ukutani, ya kubonyeza kwa kidole. Magodoro manne yaliletwa hivyo hivyo, kwa kuwa fomu yake ilikuwa imeshatangulia, nayo yameegemezwa ukutani. Shemeji anasema hayana shida, ni majirani watulivu. Alipelekwa kwa daktari wa macho akarudi na miwani yenye vioo vinene, na akivaa anaonekana kama mtu aliyeshtushwa na habari. Daktari alisema mengine yangekuja tu kwa umri, mengine hapana. Dada hakusema nami wiki mbili. Kisha akasema nami, ili anilaumu vizuri zaidi. Fulana ya kijani niliikata, sasa ninafutia vioo.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, nilipita na toroli langu. Mlango wazi, ndani giza. Nikasimama kizingitini kwa mazoea.

"Shemeji, upo?"

Nikauliza tena, kwa sauti. Nikaingia huku nikipapasa ukuta, na swichi sikuipata mahali pa kawaida, kwa sababu mimi ndiye niliyependekeza ifungwe chini kidogo ili asilazimike kunyoosha mkono. Nikapapasa kiti. Kilikuwa kitupu. Nikakaa juu ya ukingo wa meza, kati ya foronya, na ndipo nilipojua ni kwa kiasi gani nilikuwa naegemea lile neno lake moja, miezi yote ile ambayo sikuwa hata nalisikiliza.

Nikasikia nyayo koridoni, za mtu asiye na haraka. Akaingia na kikombe cha chai, akabonyeza swichi, akanikuta nimekaa juu ya kazi yake nafuta macho kwa foronya ya mgeni. Aliweka kikombe mezani, akavaa miwani ili anione vizuri.

"Nilizima wakati natoka," alisema. "Sikuwepo."