Suti Iliyokwenda Kwenye Usaili

Kabla hali haijawa mbaya, Fundi Futi alikuwa mwongo kama mafundi cherehani wote, na wateja wake walimpenda hivyohivyo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakuambia njoo Alhamisi. Ukija Alhamisi utamkuta ndiyo kwanza anakikata, huku anakuapia kwamba kilichobaki ni vifungo tu. Jina la Futi alipewa kwa sababu ile kamba ya kupimia haikutoka shingoni mwake, iwe harusini au msibani. Mkewe husema siku walipokutana alipimwa kiuno kwanza, ndipo akaulizwa jina.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, benchi la wateja mlangoni, na ukutani palikuwa na bomba refu la kutundikia nguo zilizokwisha. Mkewe ndiye aliyeshika pasi ya mkaa, na ulimi wake ulikuwa na moto kuliko ile pasi.

Kitu kimoja Fundi Futi hakukifanyia mchezo: nguo ya mteja. Aliyemfundisha kazi alimwambia, danganya siku utakavyo, lakini nguo ya mtu usiivae, usiiuze, usiiazime. Ni amana. Fundi akionekana na suruali ya mteja, basi tena, mtaa mzima utamhama na mama yake mzazi atapeleka gauni kwingine.

Sasa, hali ilipoanza kunuka, wakubwa wakaona wawaandae wadogo. Meneja wa benki ya pale pembeni akawaita wenye biashara ndogondogo ukumbini, kwenye semina ya jinsi ya kunusurika na mtikisiko wa uchumi. Kila mtu alipewa soda moja, kalamu moja na daftari lenye picha ya mti unaokua. Meneja akasimama, tumbo likiwa limetangulia, akasema kila biashara lazima iwe na akiba ya kuitosha miezi sita. Mama mmoja muuza mboga akanyoosha mkono, akauliza akiba ya miezi sita inawekwaje wakati hata ya siku sita haipo. Meneja akasema hilo ni swali zuri, tutalirudia. Mpaka leo linasubiri.

Fundi Futi hakuandika hata neno. Macho yake yalikuwa yanampima Meneja mabega. Na hakukosea, maana wiki iliyofuata Meneja alikuja mwenyewe dukani kuagiza suti ya bluu, kwa kuwa alitarajia kupandishwa cheo. Bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, alichagua mwenyewe, ya zambarau iliyokoza. Fundi alimwambia kwa adabu kwamba bitana hiyo inafaa zaidi pazia. Meneja akasema, "Wewe shona."

Ikashonwa, ikatundikwa kungoja hicho cheo. Miezi mitano baadaye mtikisiko ukafika, wala haukuuliza nani alihudhuria semina na nani alibaki nyumbani. Kiwanda cha sabuni kikafunga, mabohari yakafuata, halafu siku moja watu wakakuta benki ina kufuli na tangazo lenye maneno mengi ya heshima. Mambo yakageuka. Zamani fundi ndiye aliyekuwa akisema njoo kesho, sasa wateja ndio waliosema nakuja kesho, na wengine walivuka barabara wasimwangalie usoni. Nguo zikajaa kwenye bomba, suti pekee kumi na moja, na ya bluu ikiwa ya kwanza mlangoni. Hakuna aliyekuja na kitambaa kipya. Mwenye chumba akaanza kupita kusalimia kila asubuhi, na mtu wa kudai kodi akianza kukusalimia ujue maji yamefika shingoni.

"Unazilinda suti kumi na moja kama askari," mkewe akamwambia, "na nyumbani tunakula mara moja. Hizo suti zitakulinda na nini?"

Fundi Futi akaipangusa vumbi ile ya bluu begani. 

Ndipo akaja Karani, aliyekuwa mtunza bohari hadi bohari lilipofungwa. Alikuwa na usaili kesho yake, na koti hana. Hakuomba chochote, alileta tu shati lishonwe kwapa, lakini macho yake yakatua kwenye ile suti ya bluu, na ya Fundi Futi nayo yakatua hapohapo. Mkewe akaendelea kupiga pasi bila kusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu waoane. Fundi akaishusha suti. Alijisikia mwizi. Akaibana kwa kuipiga bandi, zile nyuzi ndefu za muda ambazo ukizivuta zinatoka zote, akamkodishia kwa asubuhi moja.

Kufa kufaana, ndivyo walivyosema wahenga. Mtaa ulikuwa umejaa watu walioachishwa kazi wenye vyeti na wasio na makoti. Wakaja mmojammoja. Kila mmoja alipigiwa bandi asubuhi ikafumuliwa mchana, mwembamba akibaniwa, mnene akiachiwa. Kodi ya chumba ikalipwa. Fundi Futi naye akajiwekea tahadhari moja: kila anayekodi aseme anakwenda wapi, ili nguo isije ikakutana na mwenyewe. Alijua ya mwalimu isipelekwe mashuleni, ya muuza dawa isipelekwe hospitali. Suti ya bluu tu ndiyo aliyoiruhusu kwenda popote. Meneja haombi kazi, alijiambia, Meneja ndiye anayeombwa. Heshima nyingine zinamponza mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Kwenye benchi walikaa wawili, Dereva na Mwalimu, wote wakisubiri suti ya bluu irudi. Mlangoni akasimama mtu mrefu mwenye koti la kahawia lililochakaa viwiko. Fundi Futi, pini tele mdomoni, ilimchukua muda kumtambua. Lile tumbo halikuwepo.

"Kuna foleni hapa, mzee," Dereva akasema kwa upole. "Kama ni ile ya bluu, una wawili mbele."

Meneja akamtazama, kisha akamsogelea fundi, akasema kwa sauti ya chini, "Leo nilikuwa kwenye usaili. Nafasi ya msimamizi wa ghala, moja, na sisi tulikuwa arobaini. Aliyekaa mbele yangu alivaa koti la bluu. Alipoinua mkono, nikaona bitana."

Fundi Futi uongo alikuwa nao, tayari kabisa. Angeweza kusema bitana zile zinauzwa kila duka. Miaka ishirini alikuwa akitoa uongo mzuri kuliko huo kabla ya chai. Lakini kabla hajazitoa pini mdomoni, Karani, aliyeikodi kwa mara ya tatu, akaingia mbio, ndani ya suti ileile, uso wote meno.

"Nimepata," akasema. "Jamani, nimepata."

Benchi likampongeza, Mwalimu akamshika mkono. Meneja aliitazama suti yake kuanzia kola hadi pindo, kisha akamtazama Fundi Futi. Alimwachia yeye aseme.

Fundi akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mkono wa shati. "Mpisheni huyu," akasema. "Suti ni yake. Nilimshonea mimi, hakuwahi kuja kuichukua, nikawa naikodisha. Na hizo nyingine zote pale ni za watu."

Mkewe akaweka pasi chini. Fundi Futi alisubiri mtu wa kwanza atoke nje kwenda kutangaza, na duka lake lifie hapo. Aliogopa kweli.

Mwalimu ndiye aliyekohoa. "Na suruali yangu ya kijivu, niliyoleta ipunguzwe?"

"Imekwenda kwenye usaili mara mbili, Mwalimu."

"Ikapata?"

"Mara moja."

Mwalimu akafikiri. "Mimi nikiivaa haijawahi kupata chochote," akasema, na wala hakuinuka kwenye benchi.

Karani alikuwa anavua koti kwa haraka, vifungo vinamkataa. "Bosi, sikujua ni ya nani. Wallahi sikujua."

"Ungejua ungefanyaje?" Meneja akauliza.

Karani akafungua kifungo cha mwisho. "Ningeivaa," akasema.

Meneja akacheka, kicheko kifupi kisichomfika machoni. Karani alipokwisha kubadili nguo na bandi kufumuliwa, Meneja akavaa suti yake, nayo ikamning'inia. Fundi Futi akapiga magoti kumpima. Kwa kawaida vipimo vya kiuno alivitaja kwa sauti, benchi lipate la kucheka, lakini hiki alikisoma na kukimeza. Inchi sita zilikuwa zimekwenda.

"Kesho nina usaili mwingine," Meneja akasema. "Kwa asubuhi moja ni bei gani?"

"Nitakutozaje, bosi? Ni yako."

"Sijailipia, kwa hiyo si yangu. Hawa wanalipa, na mimi nitalipa. Bei gani?"

Fundi akaitaja. Meneja akalichukua lile koti la kahawia, akapekua mfuko wa kulia, wa kushoto, na wa ndani, akazipanga sarafu mezani. Hazikutosha. Akarudia mifuko yote mitatu, pole pole, na kila mtu chumbani akapata kitu cha kuangalia sakafuni.

Karani, ambaye ajira yake ilikuwa haijatimiza saa mbili, akatoa nauli yake ya kurudia nyumbani, akaiweka juu ya zile sarafu.

"Asante, bosi," Meneja akamwambia.

Hakuna aliyecheka. Fundi Futi akainama chini ya meza, akaanza kuitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.