Mtutu wa Clovis

Ovey Trahan hakutaja bei ya bunduki kabla ya kuifungua. Aliilaza juu ya meza ya jikoni, akaondoa ubao wa chini ya mtutu, akakagua pete na springi, halafu namba zilizochongwa kwenye chuma. Alizozijua ni zile kuukuu za Ubelgiji, zenye kibyongo, zinazojijaza zenyewe: ukipiga, mtutu mzima unarudi nyuma, ganda linatemwa, na risasi nyingine imeshapanda. Huko kwenye vinamasi vya Luiziana kila ukoo ulikuwa na moja, na kila ukoo ulidhani yake ni dhahabu.

"Umeing'arisha?" humwuliza mtu.

"Kidogo tu, mzee. Ilichakaa."

"Basi umeiua. Kapigie kasia."

Watu walicheka, lakini bei yake waliifuata, kwa kuwa Ovey hakuwahi kusema uongo juu ya bunduki. Isipokuwa mara moja.

Uongo huo ulimwingilia mlangoni mchana wa kuamkia msimu wa bata, umevaa koti la kuwindia. Alikuwa Dalton, mtoto wa Clovis, kaka yake Ovey. Dalton alizaliwa miezi minne baada ya baba yake kuzikwa. Bunduki ilimpasukia Clovis usoni, mtumbwini wakiwa wawili tu, yeye na Ovey. Ovey alirudi na maiti akasema marehemu alichota matope kwa mdomo wa mtutu, asichungulie. Basi mtoto akakua akiitwa Tope. Hata sasa, na ndevu zake, gatini walimpigia kelele: "We Tope! Umechungulia mtutu?"

Dalton akaiweka mezani bunduki ileile. "Ba'mdogo, mnunuzi kaiona. Anasema mwili una namba yake na mtutu una yake."

"Mtutu niliubadilisha mimi. Unajua."

"Najua. Anautaka ule wa kwanza, hata kama umepasuka. Nami nataka kuuona. Sijawahi kukiona kilichomuua baba."

"Niliutupa."

Dalton akacheka. "Wewe? Wewe hutupi hata skrubu!"

Akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa risasi za kujaribia springi. Kati ya zile nyekundu zilichomoza za manjano.

"Hizo za manjano za nini?" Ovey akauliza.

"Za bunduki ndogo ya Renée. Kesho nakwenda na mke wangu."

"Mfuko mmoja?"

"Mimi si kipofu. Manjano ni manjano."

"Kabla ya jua, mikono kwenye glavu, zote ni nyeusi. Zitenganishe."

"Umeanza! Mama anasema wewe ulizichanganya mfukoni kama karanga." Akazirudisha palepale.

Gambo, mchuzi mzito wa bata, ilikuwa ikitokota motoni. Risasi ya namba ishirini, ile ya manjano, ni nyembamba. Ukiitia kwenye bunduki ya namba kumi na mbili inateleza, inakwama mtutuni, huioni. Bunduki inalia ka! tu. Mwindaji anavuta komeo, risasi nene inapanda nyuma yake, na akipiga tena mtutu unapasuka. Clovis alivuta. Na aliyejaza bunduki ile gizani, Clovis akimimina kahawa, alikuwa Ovey.

Angenyamaza, Dalton angekwenda zake, na kesho alfajiri angevuta vilevile.

Ovey akapanda ngazi ya dari, akashuka na kitu kilichofungwa gunia. Akakilaza mezani.

"Chungulia."

Chuma kilikuwa kimechanika kama ganda la ndizi. Dalton alitafuta matope. Alichokiona ni pete nyembamba ya shaba iliyogandana na chuma. Akatoa risasi moja ya manjano, akakipimisha kitako chake pale. Vikalingana.

Gambo ikafurika motoni, hakuna aliyeinuka.

"Nani alijaza?"

"Mimi."

"Na matope?"

"Hayakuwepo."

Dalton akamwaga mfuko wake mezani. Akachambua polepole, nyekundu huku, manjano kule, kama mtu anayechambua mchele. Nyekundu akazirudisha kotini, bunduki akaiweka begani, mtutu uliopasuka akaushika mkononi.

"Renée kesho atabaki," akasema. "Utakuja wewe. Utakaa mbele mtumbwini, mimi Tope nitakuwa nyuma yako. Nitajaza mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

Mlango ukafungwa taratibu. Ovey akaipua sufuria, kisha akaja kuzikusanya zile za manjano. Ile aliyopimia Dalton haikuwemo. Akainama chini ya meza, akainua kitambaa, akatazama sakafuni hadi mlangoni; haikuwepo.

Akatoa mabuti yake ya kuwindia, akayapanga kizingitini, pua zikielekea nje, tayari kwa saa kumi.